Kaya za miaka 15 ijayo wanazijuaje? Jibu kwa dada wa Pasua

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Pasua, Moshi, nalifupisha hapa: "Mtaalamu, naona wanasema kaya zinaongezeka kwa kasi kuliko hata watu, na kwamba kaya ndogo ndogo ndo zitajaa mjini. Mi nina kiwanja Arusha, Kwa Mrombo, nataka kujenga vya kupangisha kwa mkopo. Hawa wa takwimu wanajuaje kaya ambazo hata hazijaanza, mpaka aina zake? Si ramli tu hiyo? Na je nijenge vyumba single au nyumba za familia?"

Dada yangu, ramli sio, ila na uhakika nao sio. Ndani ya makadirio ya kaya kuna sehemu ya kuaminika kabisa na kuna sehemu inayoyumba, shida ni kwamba kwenye ripoti zote mbili zinakaa jedwali moja, zina namba na desimali zilezile, msomaji hajui ashike ipi. Nitakutenganishia.

Kwanza tukubaliane tunahesabu nini. Kwenye sensa kaya sio nyumba wala sio ukoo, ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, hata kama hawana undugu. Kwa hiyo nyumba moja ya vyumba sita pale Sombetini inaweza kuwa na kaya sita, kila mlango na mtungi wake wa gesi na ndoo zake za maji. Machalii watatu wa geto moja wakichanga hela na kupika sufuria moja ni kaya moja, siku wakikorofishana kila mtu akaanza kula kivyake tayari ni kaya tatu na hakuna hata mmoja aliyehama. Huko Monduli na Longido mzee mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake na jiko lake, hizo ni kaya tatu, mzee mwenyewe anahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Wanafunzi wa bweni, wafungwa, waliolazwa hospitali, hao wanawekwa pembeni hawaingii kwenye kaya za kawaida, na kwa mkoa kama Kilimanjaro wenye shule za bweni kila kona hao sio watu wachache.

Sasa hiyo habari kwamba kaya zinakua kuliko watu ni kweli kabisa na unaweza kuihakiki mwenyewe. Sensa ya 2012 ilitukuta Watanzania 44,928,923 na wastani wa watu 4.7 kwa kaya, ile ya Agosti 2022 ikatukuta 61,741,120 na wastani wa 4.3. Chukua kikokotoo cha simu ugawanye, utapata kama kaya milioni 9.6 halafu milioni 14.4 (ni kijuujuu, hao wa bweni wanachafua hesabu kidogo, ila picha haibadiliki). Watu wameongezeka asilimia 37, kaya karibu asilimia 50. Na anayefungiwa mita ya umeme ni kaya, anayeomba bomba la maji ni kaya, anayetafuta chumba cha kupanga ni kaya, ndo maana mipango ya mji ikifanywa kwa idadi ya watu peke yake inaachwa nyuma kila mwaka na watu wa mipango wanabaki kushangaa.

Haya, wanakadiriaje. Njia ya kawaida, inayotumika nchi nyingi mpaka leo, ilianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, na Umoja wa Mataifa wakaiandikia mwongozo mwaka 1973. Ina hatua mbili tu. Hatua ya kwanza unakadiria watu wenyewe kwa umri na jinsia: unachukua waliopo, unawazeesha mwaka mmoja mmoja, unatoa watakaokufa, unaongeza watakaozaliwa, unaongeza wanaohamia unatoa wanaohama. Hatua ya pili unauliza, katika kila watu 100 wa umri fulani, wangapi ni wakuu wa kaya? Kila kaya ina mkuu mmoja, sio wawili, kwa hiyo ukijua idadi ya wakuu umejua idadi ya kaya. Hicho ndo kinaitwa kiwango cha ukuu wa kaya. Unazidisha, unajumlisha, basi, wala haihitaji kompyuta kubwa.

Ngoja nikuonyeshe na kata ya kubuni, namba nimetunga kabisa usije ukaenda kuzitafuta. Kata ina watu wazima 10,000. Wenye miaka 20 mpaka 29 wako 4,000, na robo yao ni wakuu wa kaya, hizo kaya 1,000. Wa 30 mpaka 44 ni 3,500 na kiwango chao asilimia 45, kaya 1,575. Wa 45 mpaka 64 wako 1,800, asilimia 55, kaya 990. Wazee wa 65 kwenda juu wako 700, asilimia 60, kaya 420. Jumla kaya 3,985. Sasa sogeza miaka 15 mbele, tuseme makundi hayohayo yamekuwa 4,600, halafu 5,200, halafu 2,900, halafu 1,000, viwango usiguse hata kimoja. Utapata 1,150 na 2,340 na 1,595 na 600, jumla 5,685. Watu wazima wameongezeka asilimia 37, kaya zimeongezeka karibu 43, na hakuna mtu hata mmoja aliyebadili tabia! Imetokea kwa sababu tu watu wengi wametoka kwenye umri wa kukaa kwa mama wakaingia umri wa kuwa na kwao. Alafu jaribu kupandisha kiwango cha wale vijana wa 20 mpaka 29 kutoka 25 mpaka 32, zinaongezeka kaya 322 nyingine na ongezeko lote linapita asilimia 50. Kigezo kimoja tu, kwa kundi moja tu.

Hapo ndo mpaka wenyewe ulipo kati ya pa kuaminika na panapoyumba. Hatua ya kwanza ina msingi mgumu kwa sababu mtu atakayekuwa na miaka 30 mwaka 2040 alizaliwa 2010, yupo, anakula ugali, tumeshamhesabu kwenye sensa mbili. Kwa makadirio ya miaka 15 karibu wakuu wote wa kaya wa baadaye wameshazaliwa, hata tukikosea kiwango cha uzazi (utafiti wa afya wa 2022 ulikuta wastani wa watoto 4.8 kwa mwanamke) kosa hilo litagusa ukubwa wa kaya zaidi kuliko idadi yake. Hatua ya pili ndo inategemea mtu ataamua nini, ataondoka nyumbani lini, ataoa lini, wataachana au watavumiliana, akifiwa atabaki peke yake au atachukuliwa na mtoto, na maamuzi hayo mtakwimu hayaoni, anachofanya ni kuangalia sensa zilizopita viwango vimeendaje halafu anavuta mstari kwenda mbele. Wengine wanaviacha vilevile, wengine wanaviacha viendelee kubadilika ila kwa kasi inayopungua ili wasije wakafika asilimia 110, maana mstari ulionyooka ukiuachia hauna aibu unapita mia.

Na hicho kitu cha mkuu wa kaya chenyewe kina walakini. Karani akigonga hodi na kuuliza nani mkuu hapa, mara nyingi anajibiwa kwa heshima kuliko kwa hali halisi, bibi mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye hela ya kahawa, anamtaja mwanae wa kiume wa miaka 24 ambaye hata bando ananunuliwa. Kwenye jumla ya kaya haisumbui, mkuu ni mmoja tu awe bibi awe kijana, ila umri unakuwa sio wake na viwango vya vijana na vya wazee vyote viwili vinapinda. Uingereza walishaacha mambo ya kuuliza hivyo, wana mtu wa rejea anayechaguliwa kwa kanuni ya nani anafanya kazi na nani mkubwa, kanuni moja nchi nzima.

Sasa aina, ambayo ndo ulitaka hasa. Njia rahisi ni kukata kiwango vipandevipande, yaani katika wanawake 100 wa miaka 65 mpaka 69 wangapi ni wakuu wa kaya wakiwa peke yao, wangapi na wajukuu tu, wangapi na watoto wakubwa, na kadhalika. Kila kipande kinakadiriwa kivyake halafu kinazidishwa na idadi ya wanawake hao. Kwa nini aina zinabadilika unaweza kuelewa bila hesabu ukikumbuka maisha ya kwetu yanavyopita. Chukua familia moja ya Marangu au Rombo, kaya moja, baba mama na watoto watano. Wa kwanza anakuja Arusha kutafuta, anapanga chumba Ngaramtoni, kaya ya mtu mmoja. Akioa inakuwa ya wawili, mwaka kesho watatu, baadae analetwa mdogo wake kusoma na binti wa kusaidia kazi, watano. Wa pili naye Dar hivohivo. Kule kihambani, kwenye shamba la familia, kimila anabaki kitinda mimba wa kiume ndo mrithi wa nyumba ya wazazi, ila kitinda mimba wa siku hizi naye yuko kwenye magari ya watalii huku Chuga, kwa hiyo wanabaki mzee na bibi. Mzee anatangulia, maana wanaume wengi wanaoa wanawake wadogo kwao kwa umri na bado wanaishi miaka michache kuliko wanawake, na anabaki bibi peke yake, labda na mjukuu mmoja wa kumchotea maji. Kaya moja imezaa kaya tano sita na hakuna cha ajabu kilichotokea. Krismasi wote wanarudi, ukipita barabara ya kupanda Marangu wiki ile utasema kila nyumba ina watu 15, lakini sensa tunafanya Agosti.

Ile njia ya kukata viwango inaboa kwa wataalamu wengi kwa sababu haijui mtu ametoka wapi. Inakwambia mwaka 2040 kutakuwa na wajane kadhaa wanaoishi peke yao, haikwambii ni waume wangapi walikufa ili wapatikane hao wajane, na ukikagua unaweza kukuta waume waliokufa kwenye hatua ya kwanza hawalingani na wajane waliotokea kwenye hatua ya pili, au wanaume walio kwenye ndoa ni wengi kuliko wanawake walio kwenye ndoa, kitu ambacho hata Longido hakiwezekani, kule inakuwa kinyume chake. Kwa hiyo miaka ya 1980 na 1990 zikaja modeli zinazomfuata mtu kutoka hali moja kwenda nyingine: mtoto nyumbani, peke yake, na mwenza bila mtoto, na mwenza na mtoto, mzazi bila mwenza, na kila mwaka kuna uwezekano wa kuruka kutoka hali hii kwenda ile. LIPRO ya Waholanzi ni mojawapo, ProFamy inayohusishwa na Zeng Yi wa China ni nyingine. Modeli inalazimishwa hesabu zake zifunge, kila harusi inatoa mwanaume mmoja na mwanamke mmoja, kila talaka vilevile (sisi wenye ndoa za mitala tungehitaji kuirekebisha kwanza). Halafu kuna wale wanaotengeneza watu wa bandia ndani ya kompyuta, mtu mmojammoja na umri wake, wazazi wake, ndugu zake, na kila mwaka kompyuta inachezesha bahati nasibu kwa kila mmoja, huyu kaoa, huyu kahama, huyu kafa. Ni tamu sana kuiangalia ikizunguka, na inajibu maswali ambayo nyingine haziwezi, mfano wazee wangapi hawatakuwa na mtoto hata mmoja aliye hai.

Shida yake ni data. Unatakiwa kujua katika vijana 1,000 wanaoishi kwa wazazi wangapi wameondoka mwaka huu, katika ndoa 1,000 ngapi zimevunjika. Norway, Denmark, Finland wana rejista ya watu, mtu akihama mtaa anaandikishwa, kwa hiyo wanahesabu kirahisi. Sisi ndoa nyingi ni za kimila au za kuvutana tu, mtu amehamia na begi lake na maisha yameanza, kuachana nako hakuna karatasi. Ndo maana kwetu tunabaki na njia ya zamani ya viwango, sensa mpaka sensa, na mi binafsi siioni kuwa aibu. Modeli ngumu iliyolishwa data ya kukisia inakupa kisio lilelile, tena limevaa suti.

Kinachoyumba kuliko vyote kwa mtu kama wewe ni uhamiaji. Kitaifa hausumbui sana, ukishuka ngazi ya mji ndo unaamua kila kitu. Jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442 mwaka 2012, mwaka 2022 likawa na 617,631, ongezeko la asilimia 48. Manispaa ya Moshi kipindi hichohicho imepanda kama asilimia 20. Miji miwili iko mwendo wa saa mbili kwa Coaster, tofauti hiyo sio ya kuzaana. Na wanaohama ni vijana, yaani umri uleule ambao kiwango cha ukuu wa kaya kinayumba, kwa hiyo makosa mawili yanakaa sehemu moja. Ukishuka tena mpaka kata inakuwa mbaya zaidi, barabara moja ikiwekwa lami au chuo kimoja kikifunguliwa mtaa unageuka ndani ya miaka mitatu na hakuna mstari wa zamani uliokuwa unajua.

Kuna kitu kimoja kilitokea Uingereza nakipenda kukisimulia maana kinaonyesha ubaya wa kuvuta mstari bila kujiuliza. Mwaka 2018 ofisi yao ya takwimu ilitoa makadirio mapya ya kaya za England: ongezeko la kama kaya 159,000 kwa mwaka, wakati makadirio ya nyuma yalikuwa yanasema kama 210,000. Sehemu ya tofauti ilitokana na watu kupunguzwa kwenye hatua ya kwanza, ila sehemu nyingine ilikuwa kwenye viwango, safari hii walitumia mwelekeo wa sensa mbili tu, 2001 na 2011, badala ya kurudi mpaka 1971. Na katikati ya hizo mbili nyumba zilikuwa ghali sana, vijana walishindwa kutoka kwa wazazi. Modeli ikaona vijana hawaanzishi kaya, ikasema sawa hawatazianzisha, kwa hiyo nyumba chache zinatosha. Ukijenga chache bei inapanda, vijana wanazidi kubaki nyumbani, na modeli inayofuata inasema umeona, nilisema! Serikali ilivyoona hivyo ikaziambia halmashauri zitumie yale makadirio ya zamani, ambayo mwaka wake wa msingi ulikuwa 2014. Watakwimu wenyewe hawakudanganya mtu, waliandika wazi kuwa haya ni ya "mambo yakiendelea kama yalivyokuwa", wala hayasemi nyumba ngapi zinahitajika. Watu husoma namba, hayo maelezo wanayaruka.

Kinyume chake ni Japani. Kule watu wanapungua tangu karibu 2008, lakini makadirio waliyotoa 2024 yanasema kaya zitaendelea kuongezeka mpaka kama 2030 ndo zianze kushuka, na kaya za mtu mmoja zitatoka asilimia 38 mwaka 2020 mpaka zaidi ya 44 mwaka 2050. Hiyo naiamini sana kwa sababu ongezeko hilo ni la wazee, na kati yao wako wengi ambao hawakuoa kabisa, hali yao imeshaamuliwa, mtu wa miaka 50 asiye na mke wala mtoto sio rahisi afike 75 akiwa na familia ya watu sita. Ukiona makadirio ya kaya za mtu mmoja jiulize kwanza ni za wazee au za vijana. Za wazee zimeshikwa na umri, za vijana zimeshikwa na kodi ya chumba na ajira.

Na hiyo ndo inanirudisha kwenye kiwanja chako. Kaya ndogo za Arusha ni za vijana: madereva na wapishi wa safari, wauza duka, wanafunzi wa vyuo, walimu wapya, mafundi. Utalii ukitetereka wanafanya kitu kimoja haraka sana, wanaungana wawili chumba kimoja au wanarudi nyumbani, kaya zinafutika bila mtu kufa wala kuhama mkoa. Tuliliona 2020, ndege zilivyosimama vyumba vingi mjini vilibaki na makufuli. Familia haziungani hivyo, baba mama na watoto watatu hawawezi kuhamia kwa rafiki, ila wao nao ikifika miaka kadhaa wananunua kiwanja wanaondoka zao. Kwa hiyo kama mkopo ni wa miaka 15 mi nisingejenga single tupu nane kwa mstari kwa sababu ripoti imesema kaya ndogo zitajaa. Ningejenga chumba na sebule, choo ndani, zikiwa pea zenye mlango wa kati unaoweza kufungwa au kufunguliwa, leo unapangisha machalii wawili milango miwili, kesho unafungua unampa familia. Fundi atakulalamikia ukuta na plumbing, gharama inapanda kidogo, ni kweli.

Kabla ya kuchimba msingi ingia tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, jedwali za sensa ya 2022 ziko bure, zinaonyesha watu, kaya na wastani wa kaya mpaka ngazi ya kata. Chukua kata yako na kata mbili tatu zinazopakana nayo, angalia wastani wa kaya: ukikuta uko chini ya 3.5 hao ni wapangaji wa vyumba, ukikuta uko juu ya 4 hapo kuna familia zenye kwao. Halafu nenda mamlaka ya maji uulize maombi mapya ya kuunganishiwa upande huo ni mangapi kwa mwaka, wakikupa hiyo namba ni mpya kuliko sensa yoyote. Ukizipata zote mbili nitumie pamoja na umri wa watu wa kata, tutapiga ile hesabu ya makundi manne pamoja, na tutaipiga mara tatu, kiwango cha vijana kikiwa chini, katikati na juu, uone kwenye ile ya chini marejesho ya benki yanalipika au hayalipiki.